Huyo Hakuwa Wakili, Alikuwa Dalali: Kofia Mbili za Spika wa New York

Wadau, leo tuweke pembeni nani kamwacha nani na nani kanunua gari gani. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wangu ni na ile kauli inayozunguka kila siku kwenye magrupu: "Acheni hizo bwana, mzee alikula lakini kazi alifanya. Halafu yule ni wakili, zile hela ni za kazi yake." Umeisikia, au labda umeshaiandika mwenyewe. Kiongozi akiwa na suti nzuri na digrii ya sheria, tunamkatia risiti kabla hatujamuuliza bei.

Tatizo la kubishana kuhusu hawa wa kwetu ni kwamba kila ukianza, mtu anakwambia "tusubiri mahakama iseme." Sawa. Basi nawaletea kesi ambayo imekwisha. Mashahidi wamesikilizwa, rufaa zimekatwa na kukatwa tena, mhusika ameshazikwa. Hakuna cha kusubiri. Ni ya Marekani, jimbo la New York, na jina lake ni Sheldon Silver. Wengine waliopita kwenye sakata hili (daktari, matajiri wa majumba, kina dada waliodhalilishwa) majina yao nayaacha. Nataka tuangalie mchongo ulivyokuwa unaenda.

Kigogo asiyejulikana na mtu

Kule Marekani kila jimbo lina serikali yake, gavana wake na bunge lake. Watu wengi tunafuatilia Washington tu, rais kasema nini, rais katwiti nini. Lakini kodi ya nyumba unayopanga jijini New York, ruzuku ya hospitali, shule ya mtoto wako, mengi ya hayo yanaamuliwa Albany, mji mdogo ulio kaskazini ambao ndio makao makuu ya jimbo. Na kwa sababu hakuna anayeangalia Albany, panya wa Albany walinenepa.

Silver alizaliwa 1944, akakulia Lower East Side, Manhattan, mtaa wa wahamiaji na wafanyakazi. Akasoma sheria Brooklyn, akawa wakili. Mwaka 1976 akachaguliwa kuingia Assembly, ile nyumba ya bunge yenye viti 150. Februari 1994 akawa Spika. Akakalia kiti hicho mpaka 2015. Hesabu mwenyewe: miaka 21, magavana watano wamepita, yeye yupo tu.

Na Spika wa kule sio yule wa kugonga meza na kusema "waheshimiwa, utulivu." Bajeti ya jimbo zima ilikuwa inamalizwa na watu watatu kwenye chumba kimoja: gavana, kiongozi wa Seneti na Spika. Usemi huo, "watu watatu chumbani," ulikuwa maarufu mpaka ukazoeleka kama vile ni kitu cha kawaida. Mwaka 2008 meya wa jiji la New York alileta mpango wa kutoza magari yanayoingia katikati ya Manhattan. Madiwani wa jiji wakaupitisha. Ulipofika kwenye nyumba ya Silver, haukupigiwa hata kura. Ukafia mlangoni. Tozo hiyo imekuja kuanza Januari 2025. Yaani unaongelea mtu ambaye kwa kukaa kimya tu alikuwa anaweza kuzika jambo zima.

Sasa mtu wa aina hiyo, unadhani akikuomba kazi ya pembeni, utamwambia hapana?

Kofia ya kwanza, kofia ya pili

Hapa ndipo penyewe. Sheria za New York zilihesabu ubunge kama kazi ya muda. Mbunge aliruhusiwa kuwa na shughuli yake nyingine, na wengi wao shughuli hiyo ilikuwa uwakili. Kwa hiyo Silver alikuwa analipwa na wananchi dola 121,000 kwa mwaka kama Spika. Mwaka 2002 akaajiriwa na kampuni kubwa ya mawakili wa kesi za madhara ya mwili, kwa mshahara wa dola 120,000 kwa mwaka.

Umeona hizo namba mbili? Ziko sawasawa. Mkono mmoja wananchi, mkono mwingine kampuni, na huyo mtu ni mmoja.

Waandishi walimuuliza miaka na miaka: mheshimiwa, unafanya kazi gani huko? Jibu lilikuwa lile lile, kwamba anawatetea watu wa kawaida walioumia. Linapendeza sikioni, wakili wa wanyonge! Kesi ilipofika mahakamani, watu wa kampuni hiyo hiyo wakasimama kizimbani wakaeleza kuwa kwenye zile kesi zilizomwingizia hela nyingi, mzee hakufanya kazi yoyote ya kisheria. Hakuandika hati, hakuhoji shahidi, hakusimama mbele ya jaji. Kazi yake ilikuwa kuleta wateja tu.

Kwa Kiswahili chetu mtu anayeleta mteja akakata asilimia yake anaitwa nani? Dalali. Udalali sio dhambi, watu wengi wanalisha familia zao kwa udalali wa viwanja na vyumba. Ila dalali wa Sinza hana ufunguo wa hazina ya serikali mfukoni. Huyu alikuwa nao.

Wagonjwa waligeuzwa bidhaa

Asbestosi mnaijua, yale madini yaliyokuwa yanawekwa kwenye mabati, mabomba na meli ili moto usipite. Vumbi lake ukilivuta linaweza kukaa mwilini hata miaka 30 au 40, halafu linakuja kuleta saratani mbaya inayoitwa mesotelioma. Ikishagundulika, wengi hawamalizi miaka miwili. Fundi bomba aliyevuta vumbi akiwa kijana anakuja kuzimika mstaafu, anakohoa, anasubiri.

Mgonjwa huyo ana haki ya kulipwa na kampuni zilizomlisha vumbi. Fidia yake huwa nono, na wakili anakata fungu. Kwa hiyo kwa ofisi za mawakili, mgonjwa mmoja wa mesotelioma ni dhahabu.

Sasa ikawa hivi. Kulikuwa na daktari bingwa wa ugonjwa huo jijini New York. Alikuwa anahitaji hela za utafiti. Spika alikuwa na mfuko wa fedha za afya za jimbo ambao aliweza kuugawa atakavyo, bila kelele. Kituo cha daktari kikapata ruzuku mbili, dola 250,000 kila moja. Na daktari akawa anampa Spika majina ya wagonjwa wake. Spika anayapeleka kwenye kampuni yake. Kampuni inafungua kesi, inalipwa, inamkatia Spika chake. Kwa wagonjwa hao peke yao, mzee aliingiza zaidi ya dola milioni 3.

Soma tena taratibu. Hela za kodi zinaingia upande mmoja, majina ya watu wanaokufa yanatoka upande wa pili, na katikati amesimama mtu mmoja anahesabu.

Kuna atakayesema, "Lakini wagonjwa walipata wakili mzuri na utafiti ulipata hela, sasa nani kaumia?" Swali zuri, nalijibu. Kaumia mgonjwa wa saratani nyingine ambaye daktari wake hakuwa na majina ya kuuza. Ile hela ya afya ilitakiwa ifuate uhitaji, badala yake ikafuata mahali penye kamisheni. Na kaumia mgonjwa mwenyewe, aliyedhani daktari anamwelekeza kwa wakili kwa sababu ni wakili bora, kumbe yeye ni fungu kwenye mzani.

Na wapangaji je?

Kama ya wagonjwa haijakugusa kwa sababu wewe ni kijana na mapafu yako mazima, njoo kwenye kodi ya nyumba. Hapo najua utaamka.

Mtaa wa kwao Silver, Lower East Side, mwaka 1967 zaidi ya familia 1,800 ziliondolewa nyumba zikabomolewa, wengi wakiwa watu wa asili ya Puerto Rico wenye kipato kidogo. Waliahidiwa wangejengewa. Viwanja vikakaa vitupu vikigeuka maegesho ya magari, mwaka baada ya mwaka, mpaka mpango mpya ulipopitishwa 2012. Gazeti la New York Times lilichimba likaandika mwaka 2014 kwamba Silver mwenyewe alikuwa mmoja wa walioshikilia kwa miongo watu wa hali ya chini wasijengewe pale. Mbunge wao huyo!

Wakati huo huo, matajiri wawili wa majumba makubwa walihitaji Albany kama samaki anavyohitaji maji. Misamaha ya kodi kwa majengo mapya inapitishwa Albany. Sheria za kupanga kodi za nyumba zinapitishwa Albany. Sasa matajiri hao wakaelekezwa wapeleke kazi zao za kupinga makadirio ya kodi ya majengo kwenye ofisi ndogo ya mawakili ya mshirika wa zamani wa Silver. Ofisi inapata kazi, inakata kamisheni, inampa Spika. Jumla karibu dola 700,000. Mahakamani shahidi wa upande wa kampuni moja alieleza kuwa walipokuja kujua mzee anakata chake humo, hawakupenda, lakini hawakutaka kumuudhi.

Hawakutaka kumuudhi! Ndio maana ya rushwa ya kisasa, wadau. Hakuna bahasha chini ya meza wala begi jeusi. Kuna mkataba halali, ankara halali, akaunti ya benki halali, na hofu ya kumuudhi mkubwa.

Michepuko mnaitaka, lakini subirini

Najua kuna mtu kashaanza kuandika, "Mbona hujasema ile ya wanawake?" Haya. Aprili 2016 zilifunguliwa nyaraka za mahakama ambazo waendesha mashtaka walidai mzee alikuwa na uhusiano na wanawake wawili, mmoja akilipwa kushawishi wabunge, mwingine akisaidiwa kupata kazi serikalini. Magazeti yakapamba kurasa siku mbili tatu. Hakuhukumiwa kwa hilo, na mimi sipo huko.

Mimi nipo kwenye hili: mwaka 2012 mbunge mmoja, rafiki wa kisiasa, alilalamikiwa na wafanyakazi wake wa kike kwamba anawasumbua kimwili na kwa maneno. Silver akaidhinisha zaidi ya dola 100,000 za umma zilipwe kimya kimya, kwa makubaliano ya siri. Wananchi hawakujulishwa. Yule mbunge akabaki na ofisi, na wasichana wengine wakaendelea kuajiriwa humo. Ilipofichuka ndipo watu wakashtuka. Hapa uwakili ulitumika vizuri kabisa: makubaliano yaliandikwa kitaalamu, kila mtu akafungwa mdomo. Sheria ikawa blanketi.

Siku ya kuanguka

Mwaka 2013 gavana aliunda tume ya kuchunguza ufisadi Albany. Tume ikauliza swali dogo sana: waheshimiwa, wateja wenu wa nje ni kina nani na mnawafanyia nini? Bunge likakimbilia mahakamani kupinga kulijibu. Mwaka uliofuata gavana akaivunja tume kabla haijamaliza kazi. Waendesha mashtaka wa serikali kuu wakachukua mafaili yake.

Januari 22, 2015, Silver akakamatwa. Novemba 30 mwaka huo huo, jopo la wananchi 12 likamkuta na hatia kwenye mashtaka yote saba. Kiti cha ubunge kikaondoka, leseni ya uwakili ikaondoka. Siku chache baadaye, kiongozi wa Seneti, Dean Skelos, naye akatiwa hatiani kwa kesi yake nyingine. Na mwaka 2021 gavana Andrew Cuomo, baada ya ripoti ya tuhuma za kudhalilisha wanawake ambazo yeye anazikana, akajiuzulu.

Wale watu watatu chumbani: mmoja, wawili, watatu. Wote wanasheria.

"Si aliachiwa na rufaa?"

Hapa ndipo mashabiki wake wanaponoga, na ndipo nataka tuelewane.

Alihukumiwa miaka 12 mwaka 2016. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikamwokoa gavana mmoja wa zamani wa Virginia, naye mwanasheria, aliyepokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, pamoja na saa ya Rolex. Majaji wakasema kupokea vitu na kupanga mikutano peke yake haitoshi kuwa rushwa, lazima kuwe na kitendo rasmi cha serikali. Kwa msingi huo hukumu ya Silver ikafutwa 2017. Akashtakiwa upya, akatiwa hatiani tena 2018, miaka saba. Akakata tena rufaa. Januari 2020 mahakama ikafuta mashtaka ya upande wa wagonjwa wa asbestosi, ikaacha ya majumba. Mwisho kabisa: miaka sita na nusu na faini ya dola milioni 1. Akaingia gerezani Agosti 2020, akafariki Januari 2022 akiwa bado mfungwa, na umri wa miaka 77.

Basi mtu anakwambia, "Unaona? Ya wagonjwa ilifutwa. Hakukosa."

Ndugu yangu, mahakama haikusema zile hela hazikupita. Haikusema daktari hakutoa majina. Ilisema sheria inataka ionyeshwe kuwa mtu aliahidi jambo mahususi, na sio kuelewana tu kwamba "tutasaidiana nafasi ikitokea." Sasa niambie, watu wazima wanaojuana, kati yao kuna anayeandika "mimi nitakupa hiki nawe unipe kile"? Mchezo mzima unachezwa kwenye "tutasaidiana." Na wanaoujua mstari huo ulipopita ni kina nani? Wanasheria. Huyu aliukaribia kwa miaka, akijua sentimita ngapi zimebaki.

Kwa hiyo ile hukumu kufutwa hainifariji, inanitisha. Inamaanisha unaweza kugeuza wagonjwa mtaji na usikutwe na kosa, ilimradi usitamke neno.

Na pensheni? Alipotiwa hatiani mara ya kwanza aliiomba, na kwa katiba ya jimbo ilivyokuwa, haikuweza kuguswa: zaidi ya dola 6,000 kila mwezi. Wananchi walikasirika mpaka Novemba 2017 wakapiga kura kubadili katiba, ili jaji aweze kumnyang'anya pensheni kiongozi fisadi. Lakini kwa makosa yajayo. Yake ikabaki salama.

Kwa hiyo "kazi alifanya"?

Nitawapa haki yenu. Ndiyo, alifanya. Alipigania shule za awali za bure. Alipigania kima cha chini cha mshahara. Ardhi ya yale majengo pacha yaliyoangushwa Septemba 11, 2001 ilikuwa ndani ya jimbo lake la uchaguzi, na aliisimamia sehemu ile kujengwa upya. Watu wake walimchagua tena na tena, na hawakuwa wajinga.

Lakini kwa kazi hiyo alilipwa. Dola 121,000 kila mwaka zilikuwa ndio bei ya kazi. Zile karibu dola milioni 4 za juu zilikuwa bei ya nini? Mtu akikupikia pilau tamu, hiyo haimpi ruhusa ya kupekua mkoba wako ukiwa unakula. Na tunajua methali ya mbuzi na kamba yake. Tatizo ni pale mbuzi anapokuwa ndiye anayekata urefu wa kamba.

Wala msinisome vibaya, mawakili wa watu. Waliomfungulia mashtaka ni mawakili. Waliowahoji mashahidi kizimbani ni mawakili. Taaluma haina kosa. Kosa ni kumruhusu mtu mmoja atunge sheria asubuhi na mchana auze ukaribu wake na sheria hiyo, halafu tukiuliza mnunuzi ni nani tunaambiwa "siri ya mteja." Siri ya mteja iliwekwa kumlinda mshtakiwa maskini asisalitiwe na wakili wake. Haikuwekwa kumfichia Spika wanaomlipa.

Kwa hiyo mheshimiwa wakili akija kwako, popote ulipo, muulize: Wateja wako ni kina nani? Wana shida gani na serikali unayoiongoza? Kesi yao ya mwisho ulisimama mwenyewe mahakamani lini? Usipokuwa na cheo, wangekulipa hivyo hivyo?

Akianza kukueleza alivyochimba kisima, umeshapata jibu.

Haya, uwanja ni wenu. Wale wa "alikula lakini alifanya kazi," nawasubiri hapo chini. Njooni na hoja, matusi yaacheni nyumbani.